Kitufe cha Mama Mwenye Nyumba

Najua nimepotea. Wiki tatu hizi sijaandika kitu humu, na wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza kama nimeolewa kimyakimya. Sijaolewa. Nilikuwa na kesi ya waifai hapa hapa Mbagala Kizuiani, kwenye nyumba ninayopanga, na kesi yenyewe nusura imtoe mtoto wa watu chumbani kwake. Aliyeianzisha ni mimi.

Nyumba yetu mnaijua hata kama hamjafika. Korido katikati, vyumba kulia na kushoto, uani bomba na choo, mbele frem ambayo binti wa mama mwenye nyumba kaifanya saluni. Wapangaji tuko wanne: mimi, dada mmoja muuguzi, baba mmoja fundi cherehani na mkewe, na kijana wa chumba cha uani ambaye anasoma chuo mambo ya kompyuta. Mwezi wa tatu tukakubaliana tuchangishane intaneti. Kila chumba 15,000, jumla 60,000 kwa mwezi. Mama mwenye nyumba na saluni hawachangii, kwa sababu ruta inakaa sebuleni kwa mama na LUKU ni yake. Ruta nikaifuata Kariakoo mimi mwenyewe, mtumba, ile ya kuchomeka laini. Nikaona nimewahi bei.

Tatizo likawa nenosiri. Mimi niliweka refu, herufi kubwa na ndogo na namba, nikajiona mjanja. Kumbe nimejitafutia kazi. Kila simu ya mama ikigoma naitwa. Wajukuu wakija Jumapili naitwa. Mteja wa saluni kakaa kwenye kiti, kichwa kina dawa, anataka kuingia Instagram, naitwa. Halafu nina printa yangu ndogo ya waifai ambayo haina kioo wala vitufe vya kuandikia. Unaiandikia wapi hilo nenosiri?

Ndipo nikakiona kile kitufe. Nyuma ya ruta, kidogo, kimeandikwa WPS. Unabonyeza, taa inaanza kupepesa, halafu ndani ya dakika 2 kifaa chochote kinachoomba kuingia kwa njia hiyo kinapewa ufunguo bila mtu kuandika kitu. Printa ikaingia mara moja. Simu ya mama, ambayo ni ya zamani kidogo, ikaingia. Simu yangu mimi, ambayo ni mpya, nilitafuta sehemu hiyo kwenye mipangilio nikaikosa. Sikujiuliza kwa nini. Mwandishi wa habari mzima sikujiuliza kwa nini simu mpya imekosa kitu ambacho simu ya zamani inacho.

Mama mwenye nyumba alikipenda kile kitufe jamani. Alikifanya cheo. Mjukuu akifika, salamu, maji ya kunywa, halafu "lete simu hapa", mama anainuka, anabonyeza, anarudi kukaa na kuhesabu kwa sauti mpaka mtandao ushike. Ikawa ukitaka intaneti ya nyumba hii unapita kwa mama, na yeye anakuangalia kwanza usoni. Mimi nikapumzika kuitwa.

Mwezi wa kwanza bando ilimalizika siku ya ishirini na saba. Hakuna neno. Mwezi wa pili ikaisha siku ya kumi na moja.

Hapa niseme ukweli wangu wote. Tulikaa barazani jioni, kila mtu na maneno yake, muuguzi anasema yeye yuko zamu usiku, fundi anasema mkewe anaangalia tamthilia lakini siyo kiasi hicho. Mimi nikasema, tena kwa sauti ile ya kujifanya nawaza tu: "Lakini kati yetu anayejua kompyuta ni mmoja." Sikutaja jina, ila kila mtu aligeuka kuangalia mlango wa uani.

Kijana akaitwa. Akaja na ndala mkononi, kama mtu aliyeitwa msibani. Mama akamuuliza. Akajibu, "Shikamoo mama. Mimi nashusha masomo usiku, siwezi kukataa. Lakini bando yote hiyo siyo mimi." Akanigeukia, "Dada, angalia kwenye ruta yenyewe, ina orodha."

Niliangalia. Unafungua kivinjari, unaandika 192.168.1.1, unaingia, na pale kuna orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Nikavikuta vyetu vyote, na kimoja ambacho hakuna aliyekifahamu. Kompyuta, kwa jina lake lile la kiwandani lenye herufi na namba. Kijana akasema siyo yake. Nikamwambia, "Sawa mdogo wangu," huku moyoni nasema huyu ananiona mjinga, kubadilisha jina la kompyuta ni kazi ya nusu dakika.

Nikabadilisha nenosiri. Siku mbili baadaye ile kompyuta ikarudi. Nikaifungia kwa anwani yake. Ikaja na anwani nyingine, jina lile lile. Nikabadilisha nenosiri mara ya tatu, na safari hii sikumwambia mtu: nilipita chumba kwa chumba nikaandika kwa mkono wangu kwenye kila simu, mtu akiwa ameangalia pembeni. Kwa kijana wa uani sikupita kabisa. Usiku ule ule saa saba ikarudi.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Kama nenosiri analijua mtu mmoja, na kifaa bado kinaingia, basi nenosiri siyo mlango unaotumika. Mimi nilifikia hitimisho jingine, kwamba huyu mtoto ni mkali kuliko nilivyodhani. Nikamwambia mama hivyo. Mama akampa mpaka mwisho wa mwezi. Kumbuka alikuwa amelipa kodi ya miezi sita kwa mpigo kama wenye nyumba wa Dar wanavyotaka, na kurudishiwa hela hapa mjini ni hadithi nyingine.

Kilichomwokoa ni msiba. Bibi yake alifariki Lindi. Alfajiri akabeba begi na laptopu yake, akaenda kutafuta basi pale Rangi Tatu. Tuliokuwa macho tukampa pole, mimi nikiwemo, pole ya midomoni. Usiku wa pili nikafungua ruta, sijui kwa nini, mazoea tu. Saa nane usiku. Ile kompyuta ipo, inashusha. Nikampigia fundi simu yuko chumba cha tatu: "Kijana karudi?" Akanijibu kwa usingizi kwamba kijana yuko Lindi, wanazika kesho.

Nilikaa kitandani mpaka adhana. Kazini kila siku naambiwa, na mimi nawaambia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kwamba habari ya upande mmoja haitoki. Hii niliitoa kwa ushahidi wa mtu mmoja kusoma kozi fulani.

Basi nikaanza kusoma, nikiwa nimechelewa.

Kitufe kile kilikuja kwenye vifaa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, na nia yake ilikuwa njema kabisa. Wakati ule watu wengi walikuwa wanaacha mitandao yao wazi kwa sababu kuweka ulinzi kulikuwa kazi ya fundi. Chama cha watengenezaji, Wi-Fi Alliance, kikataka njia ambayo hata mtu asiyejua kitu ataiweza. Wakatoa njia zaidi ya moja. Ya kwanza ni ile ya kubonyeza, aliyoipenda mama. Nyingine ni ya PIN: namba ya tarakimu 8. Na PIN yenyewe ina sura mbili. Kuna ya kifaa, ambayo unaiandika kwenye ruta ili kifaa kikaribishwe. Na kuna ya ruta, ile iliyobandikwa kwenye stika chini ya tumbo lake, ambayo mtu wa nje akiwa nayo ruta inamchukulia kama msimamizi, inamkabidhi mipangilio yote pamoja na nenosiri.

Mimi nilidhani nimewasha kitufe. Kumbe kuwasha WPS kwenye ruta yangu ni kuwasha vyote, kitufe na PIN ya stika.

Sasa tarakimu 8 zinasikika nyingi. Ukipiga hesabu ni michanganyiko milioni 100, mtu atazeeka anajaribu. Lakini Desemba 2011 mtafiti mmoja, Stefan Viehböck, akaonyesha hesabu hiyo ni ya uongo. Tarakimu ya nane siyo siri, inapatikana kwa kukokotoa zile saba za mwanzo. Na mbaya zaidi, ruta haiangalii namba nzima kwa pamoja. Inaangalia nne za mwanzo, kama ni kosa inakwambia hapo hapo. Kama ni sawa inaendelea na nusu ya pili. Kwa hiyo anayejaribu anatafuta kwanza kati ya 10,000, halafu kati ya 1,000. Jumla 11,000. Ni kama kitasa cha funguo mbili kinachokunong'oneza, "huu wa kwanza umepatia, sasa tafuta wa pili." Ndani ya siku chache programu ya kufanya kazi hiyo yenyewe, Reaver, ikawa iko wazi kwa yeyote. Mwaka 2014 mtafiti mwingine, Dominique Bongard, akaonyesha kwamba kwenye baadhi ya chipu, zile ambazo namba zake za bahati nasibu siyo za bahati nasibu kweli, huhitaji hata kujaribu mara nyingi: unaongea na ruta mara moja, hesabu iliyobaki unaifanya pembeni kwenye kompyuta yako.

Na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini nilikuwa nachota maji kwa tenga. Mwenye PIN ya stika hahangaiki na nenosiri lako. Libadilishe mara tatu, libadilishe kila asubuhi kabla ya chai. Yeye anarudi na PIN, ruta inampa nenosiri jipya kwa adabu zote. Na PIN ile ya stika haibadiliki kwa kubadilisha nenosiri.

Simu yangu mpya nayo ikapata maelezo. Google waliiacha WPS kuanzia Android 9 mwaka 2018. iPhone hazikuwahi kuwa nayo. Mwaka huo huo wa 2018 ikaja WPA3, ulinzi mpya wa waifai ambao haufanyi kazi na WPS kabisa, na njia mpya ya kukaribisha vifaa kwa kupiga picha ya QR. Wenzetu walishaondoka kwenye kitufe, ruta zao zikaja Kariakoo, nami nikawahi bei.

Kijana alirudi siku ya tano. Nilimsubiri nje, nikamwambia pale pale kabla hajafungua mlango: "Mdogo wangu, nilikusingizia. Ile kompyuta ilikuwepo usiku ukiwa Lindi." Akaniangalia muda. Akasema, "Mimi nilikwambia uangalie ruta, dada. Ukaangalia, halafu ukaniangalia mimi." Akaingia ndani. Hakufunga mlango kwa nguvu, na afadhali angefunga.

Kwa mama nilienda mwenyewe pia. Mama hakusema mengi. Alimtuma binti yake na sahani ya wali wa nazi chumba cha uani, na habari ya mwisho wa mwezi haikutajwa tena.

Siku mbili baadaye kijana ndiye aliyenifuata. Akauliza kama tunaweza kujaribu kweli, ila akataka mama mwenye nyumba aseme mbele yetu kwamba ameruhusu. Alikuwa sahihi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haitaki kusikia mtu kuingia kwenye mfumo wa mwenzake bila ruhusa, na huyu alikwishaonja kutuhumiwa. Mama akasema, "Ruhusa nimetoa, msiharibu tu." Akaanza saa nne usiku. Ruta mpya zikiona majaribio mengi ya makosa zinajifunga. Yetu ilijibu kila swali kwa uvumilivu kama karani mwema. Saa tisa usiku na dakika kadhaa nikasikia hodi. Kwenye kioo cha laptopu yake kulikuwa na PIN ya stika, na chini yake nenosiri langu refu, lote, herufi kubwa na ndogo na namba.

Tulizima WPS usiku ule ule. Lakini akaniambia nisiamini neno "imezimwa", kwa sababu ziliwahi kuwepo ruta ambazo unazima kwenye ukurasa wa mipangilio na yenyewe inaendelea kujibu kama kawaida. Akaendesha programu nyingine inayoorodhesha mitandao ya jirani yenye WPS. Yetu ilikuwa imetoka. Mitandao mingine tisa ya mtaa wetu ilikuwemo. Kesho yake tukajaribu kuwapitia majirani tuliowafahamu. Wawili walitushukuru, mmoja akadhani tunauza kitu, mwingine akatuuliza tumejuaje, na kwa jinsi alivyouliza tukaona turudi nyumbani.

Ningeishia hapa, lakini kuna jambo ambalo hasa ndilo lililonikalisha kimya wiki hizi.

Kompyuta yangu ilikuwa na folda niliyoiacha wazi kwa mtandao wa nyumbani, ili nikirekodi kwa simu niweze kuhamisha sauti bila waya. Haina nenosiri. Si nyumbani? Ndani yake kulikuwa na mazungumzo na mama mmoja anayefanya kazi kiwandani, aliyenieleza mambo ya mishahara kwa sharti kwamba jina lake hata mhariri hatalijua. Nilimwahidi. Na faili nilikuwa nimeliita kwa jina lake.

Sijui kama yule mgeni aliwahi kufungua ile folda. Ile kompyuta ya herufi na namba ilikaa ndani ya mtandao wetu majuma kadhaa. Labda alikuwa anashusha filamu tu. Ningependa kuamini hivyo, ila sikuona kwamba imani yangu inatosha kwa niaba ya mtu mwingine. Nikapanda daladala nikaenda kwake, maana kwa simu sikuweza.

Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchele. Akauliza, "Kwa hiyo sauti yangu ilikuwa inasikika hewani?" Nikajaribu kueleza. Akasema, "Mwanangu, mimi nilidhani umeandika kwenye daftari." Hakukasirika. Aliomba habari ile isitoke kabla mkataba wake haujaisha, kwa sababu mkataba unaisha karibuni na anataka aondoke na chake mkononi. Mhariri wangu hakufurahi, maana ukurasa ulikuwa umeshapangwa. Nimeiondoa. Faili sasa liko kwenye flashi, na jina lake halimo popote.

Nyumbani mambo yamebadilika kidogo. Nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, ambalo lilikuwa bado "admin" kama lilivyotoka dukani (hilo nalo!), nimelibadilisha. Saluni ina mtandao wake wa wageni, mteja anaingia huko na hawezi kuona vifaa vyetu. Printa nimeirudisha kwenye waya. Kijana alitengeneza QR ya mtandao wa ndani, tukaichapisha, mama akaibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Nilimweleza kwamba atakayeipiga picha ile karatasi ana nenosiri lote, siyo kwamba QR ni uchawi. Akasema kabati lina ufunguo, na ufunguo uko kiunoni kwake.

Bando ya mwezi huu iko siku ya ishirini na mbili na bado ipo. Kijana wa uani amelipa mchango wake, mimi nimemrudishia ule wa mwezi uliopita; alikataa mara mbili akapokea ya tatu. Tunasalimiana vizuri. Kukaa barazani na sisi jioni bado.

Jumapili wajukuu walikuja. Mama akainuka kwa mazoea, akabonyeza kitufe, akarudi kukaa, akahesabu mpaka mia na kitu. Taa haikupepesa. Ndipo akakumbuka, akauliza ufunguo wa kabati uko wapi, na ufunguo ulikuwa kiunoni.